Waliachiwa Sadaka, Wakadai Kura

Tarehe 19 Januari 1919 wanawake wa Ujerumani walipiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza. Aliyetimiza miaka 20 alikwenda kituoni, awe mke wa profesa au mfua nguo, na wanawake 37 wakachaguliwa kuingia katika bunge la kutunga katiba. Wanawake wa Kiyahudi walipanga foleni pamoja na jirani zao Wakatoliki na Waprotestanti. Waliporudi kwenye jumuiya zao za kidini, walikuta mambo yaleyale ya enzi za babu zao. Na jumuiya ya Kiyahudi ya mji wa Ujerumani haikuwa sinagogi tu. Ilitambuliwa kisheria, ilitoza waumini wake kodi, iliendesha shule, makaburi, hospitali na mfuko wa maskini. Mwanamke mwenye kipato alilipa kodi hiyo, lakini baraza lililopanga matumizi yake hakulichagua wala hakuruhusiwa kuketi humo. Jamhuri mpya ilimwona mtu mzima mwenye akili timamu. Wazee wa jumuiya yake walimwona mtu wa kuombwa apike supu ya maskini.

Supu hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu jumuiya iliyomnyima kura isingemaliza hata wiki bila kazi yake. Na wapo wanawake walioliona hilo mapema, wakalifanya hoja.

Chama kilichoibeba hoja hiyo kiliitwa Jüdischer Frauenbund, yaani Umoja wa Wanawake wa Kiyahudi, kilichoanzishwa Berlin mwaka 1904. Mara nyingi huwekwa kwenye fungu la vyama vya hisani: wanawake wa familia zinazojiweza, wenye muda, wanaohangaikia yatima na mama wasio na waume. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaacha nje sehemu nzito. Wanawake hawa walitambua kwamba huduma ndiyo mahali pekee ambapo hakuna mwanaume angethubutu kuwafukuza. Wakasimama hapohapo, wakaanza kudai mengine.

Katika dini ya Kiyahudi kutoa ni wajibu, na aliyepungukiwa ana haki ya kusaidiwa. Kwa karne nyingi karibu kila mji wenye Wayahudi ulikuwa na kikundi cha wanawake walioosha maiti za wenzao, walioketi na wagonjwa, waliomshonea bibi harusi maskini nguo za kuolewa. Wanaume walivisifu sana vikundi hivyo, na sifa hazikuwagharimu kitu. Mambo yaliharibika pale wanawake walipotaka kuketi mezani. Mwaka 1893, maonyesho makubwa ya dunia yalipofanyika Chicago pamoja na mkutano wa dini zote, wanaume walioandaa ushiriki wa Wayahudi hawakuwa na nafasi nyingine ya kuwapa wanawake isipokuwa kumimina kahawa. Hannah Solomon akakataa, akaondoka na wenzake, wakafanya mkutano wao wenyewe, na humo likazaliwa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kiyahudi la Marekani. Miaka kumi na moja baadaye ikawa zamu ya Berlin.

Juni 1904 wanawake wa nchi mbalimbali walikusanyika Berlin kwa kongamano la Baraza la Kimataifa la Wanawake. Wajerumani wa Kiprotestanti walikuwa na umoja wao tangu 1899, Wakatoliki tangu 1903. Wayahudi walikuwa na vyama lukuki, kila kimoja kwenye mji wake, kila kimoja na mwenyekiti wake na daftari lake la michango. Kando ya kongamano hilo, Bertha Pappenheim wa Frankfurt, Sidonie Werner, mwalimu wa Hamburg, na wenzao wakaviunganisha. Mwaka 1907 Frauenbund ikajiunga na shirikisho kuu la vyama vya wanawake wa Ujerumani. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1920 ilihesabu wanachama kama 50,000. Tukumbuke kwamba Wayahudi wote wa Ujerumani, wanaume na vichanga wakiwemo, walizidi nusu milioni kidogo tu.

Pappenheim alizaliwa Vienna mwaka 1859, katika familia tajiri iliyoshika dini. Akasomeshwa kama mabinti wa hali yake: Kifaransa, piano, kushona. Alipofika umri wa miaka 16 masomo yakaisha, akaketi nyumbani kumngoja mume, huku mdogo wake wa kiume akienda chuo kikuu. Wanaosoma saikolojia wanamjua kwa jina la bandia, Anna O., mgonjwa aliyetibiwa na Josef Breuer na ambaye kisa chake kilichapishwa mwaka 1895 katika kitabu cha Breuer na Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya nafsi kwa mazungumzo. Sina hamu ya kukaa hapo, maana wengi wamekaa hapo mno. Alipata nafuu, akahamia Frankfurt na mama yake mwaka 1888, na karibu nusu karne iliyofuata alifanya kazi ambayo madaktari wake hawakuiota.

Alianza na hiyohiyo supu, akiwagawia Wayahudi maskini waliofika Frankfurt kutoka mashariki. Kisha akaingia nyumba ya mayatima wa kike, kwanza kwenda kuwasomea hadithi, halafu kuanzia 1895 kama msimamizi, kwa miaka kumi na miwili. Mabinti waliokuwa wakifundishwa kushona peke yake wakaanza kupata elimu ya kuwawezesha kujitegemea. Mwaka 1899 alitafsiri kwa Kijerumani hoja za Mary Wollstonecraft, Mwingereza aliyetetea haki za wanawake karne nzima kabla yake. Mtu anayepakua supu mchana na kumtafsiri Wollstonecraft usiku si mtu wa hisani kwa maana iliyozoeleka.

Sasa tufike kwenye jambo lililoitia Frauenbund matatani, nalo ni biashara ya wasichana.

Mwaka 1903 Pappenheim alisafiri Galicia, jimbo la Dola ya Austria na Hungaria ambalo leo limegawanyika kati ya Poland na Ukraine. Alikuta umaskini wa kutisha, lakini kilichomuudhi zaidi ni namna umaskini huo ulivyogawanywa. Mtoto wa kiume, hata wa nyumba isiyo na mkate, alipelekwa chuoni kusoma Torati, na shule za hisani zilizofunguliwa na mabwana wakubwa wa Magharibi zilimfikiria yeye kwanza. Binti aliachwa. Hakujua dini kwa undani, hakuwa na ufundi, hakuwa na mahari ya kumpa mume, maana huko upande wa mwanamke ndio uliotoa mahari. Hapo ndipo alipotokea mgeni mwenye suti safi, akisema ana kazi ya kumpa mjini, au anataka kuoa wala hadai chochote. Baba akashukuru Mungu.

Njama yenyewe ilitumia sheria ya dini. Ndoa ya Kiyahudi inaweza kufungwa chumbani mbele ya mashahidi wawili, bila kuandikishwa serikalini, nayo ikashika kidini. Kwa hiyo kuwadi alimwoa msichana kihalali mbele ya Mungu, akampandisha treni hadi bandarini, akamshusha Buenos Aires, Constantinople au Alexandria. Alipotambua yuko danguroni, alikuwa tayari mke wa mtu, na talaka iko mkononi mwa mume peke yake. Akitoroka, bado ni mke. Mume akipotea, bado ni mke. Wayahudi humwita aguna, yaani mke aliyefungwa, na msomaji anayezijua aya za Kurani kuhusu mke anayeachwa kama aliyetundikwa hatahitaji maelezo zaidi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia idadi yao iliongezeka, kwa kuwa askari wengi walipotea bila mwili kupatikana wala shahidi wa kifo. Frauenbund iliwaandikia marabi, yaani wanazuoni wa dini, ikawasihi watafute ufumbuzi ndani ya sheria yenyewe. Jibu la maana halikuja.

Huko Buenos Aires makuwadi wa Kiyahudi walifikia hatua ya kusajili chama chao mwaka 1906, kwa sura ya chama cha kusaidiana cha watu waliotoka Warsaw. Walikuwa na sinagogi lao na makaburi yao, kwa sababu Wayahudi wengine wa mji huo waliwaita najisi na kukataa kuzikwa nao. Chama hicho, ambacho baadaye kilijulikana kama Zwi Migdal, kilivunjwa mwaka 1930 baada ya mwanamke mmoja, Raquel Liberman, kwenda polisi na kusema yote. Naliandika hili kwa sababu kuna watu wanaodhani habari za madanguro zilikuwa hofu ya akina mama wa kitajiri wenye muda wa kuwaza. Haikuwa hofu tupu. Palikuwa na ofisi, wanachama na makaburi.

Frauenbund ilisema hadharani kwamba kati ya wanaouza wasichana wamo Wayahudi, na kati ya wanaouzwa wamo Wayahudi wengi. Viongozi wa jumuiya walishtuka. Sauti moja ikawa inarudiwa: nyamazeni, mnawapa maadui fimbo ya kutuchapia. Pappenheim akajibu kwamba anayejua na kunyamaza ni mshirika wa muuzaji.

Nimejaribu kuwatendea haki waliotaka kimya. Hofu yao ilikuwa na msingi. Chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa sera ya vyama vya siasa vilivyosajiliwa, na Hitler alipochapisha kitabu chake mwaka 1925 aliwabambikia Wayahudi ukahaba wote wa Vienna kana kwamba ni mali yao. Kwa hiyo siwezi kusema wazee wale waliogopa kivuli. Ninachowalaumu ni hesabu yao. Heshima ya jumuiya ilikuwa ilindwe, na malipo yake yatolewe na binti wa fundi cherehani wa Galicia, ambaye hakushirikishwa kwenye uamuzi. Tena kimya hakikumzuia adui hata kidogo, maana asiyekupenda hasubiri ushahidi. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilimwumbua mtu mwingine kabisa.

Ukitazama vizuri utaona kwamba ugomvi huu na ugomvi wa kura ni mmoja. Nani ana haki ya kusema jambo la jumuiya kwa sauti? Waliokuwa wakiwapokea wasichana stesheni walikuwa wanajua. Waliokaa barazani hawakujua, au hawakutaka kujua, lakini wao ndio waliokuwa na kauli. Mkutano wa kimataifa wa Wayahudi juu ya biashara hiyo ulipofanyika London mwaka 1910, Pappenheim alikuwepo, na katika miaka ya 1911 na 1912 akazunguka Thessaloniki, Constantinople, Jerusalem na Alexandria akitembelea madanguro, hospitali na shule. Barua za safari hiyo alizichapisha mwaka 1924 akaziita kazi ya Sisyphus, yule wa hadithi za Kigiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani, na kila likikaribia kilele linaporomoka. Kichwa kama hicho hakiandikwi na mtu anayetafuta sifa.

Kazi ya stesheni haikuwa na hadithi ya kusisimua. Wanawake wa kujitolea walikaa kwenye majukwaa ya treni, wakishirikiana na wenzao wa Kikatoliki na Kiprotestanti, wakawatafuta wasichana wanaosafiri peke yao. Unakwenda kwa nani? Anakulipa nani? Umepewa anwani? Sidonie Werner alikuwa na sababu ya pekee ya kulipigania hili, kwani Hamburg ndipo wahamiaji wa mashariki walipopandia meli. Walichohitaji ni mtu wa kusimama pale, kwenye baridi, juma hadi juma, bila mshahara.

Novemba 1907 Frauenbund ilifungua nyumba yake Neu-Isenburg. Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Frankfurt, umbali wa safari fupi, ilikuwa chini ya Prussia, dola ndani ya Ujerumani iliyokuwa kali kwa wageni wasio na uraia. Neu-Isenburg ilikuwa ng'ambo ya mpaka wa ndani, chini ya dola nyingine ya Kijerumani, Hesse, ambako sheria ilikuwa nafuu. Msichana wa Galicia asiye na karatasi angeweza kulala hapo bila kufukuzwa nchini. Jamaa wa Pappenheim alitoa nyumba ya kwanza, zikafuata nyingine, na ndani yake wakaishi mama wasioolewa, watoto wao, na wasichana walioonekana wako hatarini au waliotoka gerezani. Chakula kilikuwa cha halali ya Kiyahudi na Sabato iliheshimiwa. Jambo moja halikujadiliwa: mama alikaa na mtoto wake. Wakati ule desturi ya wengi ilikuwa kumtenganisha mama na kichanga ili aibu isahaulike. Ajabu ni kwamba sheria ya Kiyahudi yenyewe haimhesabu mtoto wa mama asiyeolewa kuwa mwanaharamu. Jina hilo ni la mtoto wa zinaa ya mke wa mtu au ya ndugu wa damu. Watu walikuwa wakali kuliko sheria yao, na wanawake wa Neu-Isenburg waliijua sheria vizuri kiasi cha kuwasuta.

Hata hivyo nyumba hiyo siitazami kwa macho ya sherehe. Wasichana waliamka kwa ratiba, walifundishwa kufua, kupika, kupiga pasi na kulea, wakatoka humo wakiwa watumishi wa ndani. Wanawake wengi walioongoza Frauenbund walikuwa na watumishi wa ndani majumbani mwao. Siwashutumu kwa unafiki, lakini haiwezekani kukwepa kwamba dawa waliyomwandikia binti maskini ilikuwa pia ni jibu la shida yao ya kupata msichana wa kazi aliye mwaminifu. Waliamini kwa dhati kwamba kazi za nyumbani ni ngao dhidi ya mtaa. Takwimu za wakati ule Ulaya nzima zilionyesha kinyume, kwamba makahaba wengi waliwahi kuwa watumishi wa ndani, waliopewa mimba na kufukuzwa. Sauti ya wasichana wenyewe karibu haipo kwenye maandishi ya chama. Tunawasikia kupitia ripoti za waliowalea.

Hii inanifikisha kwenye suala la kujitolea lenyewe. Wakati Pappenheim anajenga Neu-Isenburg, Alice Salomon, mwanamke mwingine aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, alifungua Berlin mwaka 1908 shule ya kufundisha kazi ya ustawi wa jamii kama taaluma, yenye mitaala na vyeti. Pappenheim alikuwa na shaka na njia hiyo. Kwake, msaada wa kulipwa mshahara ungeishia kuwa faili na saa za kazi. Mwanamke anayejitolea humwendea mwenzake kwa sababu amewajibika mbele ya Mungu. Nakubaliana naye nusu. Kutolipwa kuliipa Frauenbund uhuru, kwa sababu usiyemlipa huwezi kumfukuza kazi, na baraza la wazee halikuwa na bajeti ya kuwakatia. Lakini kujitolea kunamtaka mtu mwenye mume wa kumlisha na mtumishi wa kumlelea. Mwalimu, karani na muuza duka wa Kiyahudi hawakuwa na alasiri za kutoa, kwa hiyo meza ya uongozi ilijaa wake wa wafanyabiashara, mawakili na madaktari.

Wakati huohuo Pappenheim huyu asiyependa faili ndiye aliyepiga kelele kwamba hisani ya Kiyahudi ni vurugu tupu, kila mji na mfuko wake, maskini wakizunguka kutoka mlango hadi mlango. Mwaka 1916, katikati ya vita, aliandika makala kali akidai chombo kimoja cha taifa. Mwaka uliofuata kikaundwa, kikaitwa Zentralwohlfahrtsstelle, yaani ofisi kuu ya ustawi wa Wayahudi wa Ujerumani. Kilivunjwa wakati wa Wanazi, kikaundwa upya mwaka 1951, na kipo Frankfurt hadi leo kikihudumia wazee, wahamiaji na wakimbizi.

Na kura je? Baada ya 1919 hoja ya Frauenbund ilikuwa fupi: ninyi mnatutegemea, taifa limekwisha tuamini, mnangoja nini? Wapinzani walijificha nyuma ya sheria ya dini, na hapo wakakuta si wanazuoni wote walio upande wao. David Hoffmann, rabi mkubwa wa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sheria ya dini kikamilifu, mjini Berlin, aliandika mwaka huohuo wa 1919 kwamba hakuna katazo la mwanamke kupiga kura, ingawa kuchaguliwa alikukataa. Mji kwa mji lango likafunguka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 wanawake walikuwa wakipiga kura katika jumuiya nyingi za miji mikubwa. Vijijini na kwenye jumuiya zenye msimamo mkali lango lilibaki limefungwa. Waliochaguliwa kuingia barazani walikuwa wachache, na wengi wao wakakabidhiwa kamati ya maskini. Ushindi wa namna hiyo una kichekesho chake: umepigania kutoka jikoni miaka ishirini, na siku ya kwanza ndani ya ukumbi unaulizwa habari za supu.

Kwenye harakati pana za wanawake wa Ujerumani nako mambo hayakuwa shwari. Alice Salomon alikuwa katika safu ya juu ya shirikisho kuu, tena alikuwa amebatizwa mwaka 1914, lakini lilipokuja suala la yeye kuliongoza, wenzake waliogopa jina lake la Kiyahudi. Akajitoa. Mei 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika serikali, Frauenbund ilijiondoa kwenye shirikisho hilo, na shirikisho lenyewe likajivunja kabla halijamezwa na Wanazi. Ushirika wa miaka 26 ukaishia hapo.

Kuanzia hapo mtandao uliojengwa kwa ajili ya maskini ukawa wa kila mtu. Aprili 1933 kuchinja kwa taratibu za Kiyahudi kulipigwa marufuku, na nyama ya halali ikawa adimu na ghali. Jarida la chama likaanza kuwafundisha wasomaji kupanga mlo wa wiki bila nyama. Msomaji wa leo anaweza kucheka: taifa linawaka na wao wanaandika mapishi. Ila mama mwenye watoto wanne, mume aliyefukuzwa kazi ya ukarani na sufuria tupu hakuhitaji tamko la kisiasa Ijumaa jioni. Alihitaji kujua dengu zinapikwaje zikatosha.

Kisha ikaja Septemba 1935 na sheria za Nuremberg. Pamoja na kuwavua Wayahudi uraia kamili na kupiga marufuku ndoa kati yao na Wajerumani wengine, ziliwakataza kuajiri majumbani mwao mwanamke wa damu ya Kijerumani aliye chini ya miaka 45. Ndani ya miezi michache, wanawake waliokuwa wakiwaandaa mabinti wa maskini kuwa watumishi wakajikuta hawana watumishi. Haikuishia hapo. Nchi nyingi zilipofunga milango, Uingereza iliacha upenyo kwa wanawake waliokubali kuja kufanya kazi za ndani, na takribani 20,000 waliingia kwa njia hiyo kabla ya vita. Frauenbund ikafungua kozi za upishi na usafi kwa mabinti wa mawakili na madaktari, waliokuwa hawajawahi kushika ufagio. Shule yake ya ufundi wa nyumbani huko Wolfratshausen karibu na Munich, iliyofunguliwa mwaka 1926, sasa ilikuwa inawaandaa watu kuondoka. Ule ujuzi waliouona unafaa kwa binti wa Galicia ndio uliomtoa binti wa Frankfurt hai. Sijui kama walilisema hili wao kwa wao. Kwenye makala za jarida halikusemwa kwa maneno hayo.

Kuhusu kuondoka, Pappenheim alichelewa. Hakuwa na imani na Uzayuni, harakati ya kuwajengea Wayahudi makao Palestina, na mpango wa Recha Freier wa kuwapeleka vijana Palestina bila wazazi wao ulimchukiza, kwa kuwa maisha yake yote alipigania mtoto asitenganishwe na mama. Mwaka 1935 alikwenda Amsterdam kuonana na Henrietta Szold, Mmarekani aliyeusimamia mpango huo kutoka Jerusalem. Msimamo wake ulilegea baada ya sheria za Nuremberg. Kwa hili historia ilimkatalia, maana maelfu ya vijana walioondoka bila wazazi ndio waliobaki hai. Kanuni iliyokuwa na busara Neu-Isenburg mwaka 1907 ilikuwa hatari mwaka 1935, na aliyeitunga alikuwa wa mwisho kuliona hilo.

Aprili 1936, akiwa mgonjwa taabani, aliitwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ajieleze kuhusu maneno aliyoyasema msichana mmoja wa nyumba yake dhidi ya Hitler. Akaenda, akajibu, akarudi kitandani, na tarehe 28 Mei akafariki. Novemba 1938, siku iliyofuata usiku wa kuvunja maduka na kuchoma masinagogi, jengo kuu la Neu-Isenburg lilichomwa moto. Mwaka huohuo Frauenbund ilivunjwa kwa amri. Mwenyekiti wake wa mwisho, Ottilie Schönewald, ambaye aliwahi kuwa diwani wa Bochum, alifanikiwa kuondoka nchini. Wengine walibaki ofisini Berlin wakiwatafutia watu viza, mmoja baada ya mwingine. Cora Berliner, mchumi aliyekuwa na cheo katika wizara ya serikali kabla ya 1933, alipelekwa mashariki Juni 1942 na kuuawa. Hannah Karminski, katibu wa chama na mhariri wa jarida, alipelekwa Auschwitz Desemba mwaka huo. Nyumba ya Neu-Isenburg ilikuwa imefungwa Machi, na waliobaki humo wakahamishwa kwenda kambini.

Mwaka 1953 wanawake wachache, akiwemo mwanasiasa Jeanette Wolff aliyenusurika kambi, waliufufua umoja huo katika Ujerumani Magharibi, ndani ya jamii ya Kiyahudi iliyobaki na watu wasiozidi makumi machache ya maelfu. Mwaka huohuo Ernest Jones, mwandishi wa maisha ya Freud, alitangaza kwamba Anna O. alikuwa Bertha Pappenheim, na tangu siku hiyo mgonjwa akamfunika mjenzi. Posta ya Ujerumani ilimtolea stempu mwaka 1954, katika mfululizo wa waliosaidia wanadamu. Walimchagua yule wa mayatima na mama wasioolewa. Yule aliyewaambia marabi kwamba kimya chao kinaua wasichana, na aliyedai kiti barazani kwa anayepakua supu, hakuwekwa kwenye mfululizo wowote.